Shisha na sigara: maswali ya vijana na majibu yake

Moshi wa shisha unapita kwenye maji. Si unakuwa umeshachujwa?

Hapana. Maji yale huupoza moshi, hayausafishi. Ukitazama chupa watu wakishamaliza kuvuta utakuta maji yamegeuka rangi ya chai, na wengi husema, "Umeona? Uchafu wote umebaki humu." Kilichobaki ni sehemu ndogo tu. Nikotini (kemikali ya tumbaku inayoleta uraibu), lami (uchafu mweusi unaonata wa moshi), chembe za madini mazito na gesi ya kaboni monoksidi hupita ndani ya mapovu na kuingia kifuani.

Tena huko kupozwa ndiko kunakonitia hofu. Moshi wa sigara hukwaruza koo, mtu akakohoa, akapumzika. Wa shisha ni laini, unanukia tofaa au mnanaa, koo halilalamiki, basi kijana huuvuta kwa pumzi ndefu hadi chini kabisa ya mapafu.

Shisha moja ni sawa na sigara ngapi?

Sigara huisha baada ya mivuto 8 hadi 12. Shisha huvutwa hata saa nzima, watu wakipiga soga, wala hakuna anayehesabu. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba katika saa hiyo mtu anaweza kuvuta moshi wenye ujazo wa mara 100 hadi 200 ya ule wa sigara moja. Huo ni wingi wa moshi; haina maana kwamba kila sumu iliyomo huongezeka kwa kiasi hichohicho. Wala isikufanye uione sigara kuwa nafuu: moshi wake una kemikali zaidi ya 7,000, na zisizopungua 69 zinajulikana kusababisha saratani.

Mbona nikiinuka baada ya kuvuta naona kizunguzungu?

Wenzako watakuambia ni stimu. Mara nyingi ni mwili kukosa oksijeni. Mkaa unaowaka juu ya shisha hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hung'ang'ania damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kichwa kinauma, moyo unakwenda mbio, kichefuchefu kinakuja, na wengine huzimia. Mwenzako akiwa hivyo mtoe nje kwenye hewa safi, asiguse tena bomba. Akizimia au akianza kuchanganyikiwa, mpelekeni hospitali papo hapo.

Na ile isiyo na tumbaku?

Mkaa ni uleule, na gesi ni ileile. Lami nayo ipo.

Kwa nini mnawaandama vijana? Wazee nao wanavuta.

Kwa sababu ubongo huendelea kujengeka hadi karibu miaka 25, na nikotini huufikia ndani ya sekunde 10 hivi tangu moshi kuvutwa. Ubongo mchanga huizoea upesi. Umakini, kumbukumbu na uwezo wa kujizuia huathirika, na mapafu ambayo bado yanakua huenda yasifikie ukubwa wake kamili.

Kisha huja arosto, yaani mwili kuidai nikotini ukiikosa: hasira za bure, kutotulia darasani, usingizi kupaa. Kijana anawasha nyingine, anatulia, anaamini kwamba sigara ndiyo dawa ya mawazo yake. Kumbe imezima kiu iliyoletwa na sigara ya asubuhi.

Kupokezana bomba kuna tatizo gani?

Mate. Malengelenge ya mdomo na kifua kikuu vinaweza kusambaa kwa njia hiyo. Kubadilisha kipande cha mdomoni hakusafishi mpira wenyewe.

Nimeshaanza. Bado nina nafasi?

Unayo, tena kubwa. Dakika 20 baada ya kuacha, mapigo ya moyo huanza kushuka. Ndani ya saa 12 kaboni monoksidi kwenye damu hurudi kiwango cha kawaida. Arosto huwa kali siku chache za mwanzo, kisha hulegea wiki kwa wiki. Kiu ikikushika hudumu dakika chache tu: kunywa maji, tembea, ondoka pale panapovutwa. Ukishindwa peke yako, mweleze mhudumu wa afya. Kuna ushauri nasaha na dawa.

Nanyi wazazi, kijana akikiri kwamba amerudia baada ya wiki mbili, msimfokee. Muulizeni alikuwa wapi, na nani, saa ngapi, mpange pamoja atakavyoipita saa hiyo kesho.