Kufuga Kuku wa Nyama Huria Si Kuwaachia Wazurure

Malalamiko kuhusu kuku wa nyama wanaofugwa huria majumbani yanazidi kutufikia sisi wataalamu wa mifugo, na mengi yanafanana: kuku wameingia kwa jirani, kundi zima limekufa ndani ya siku chache, au nyama imeuzwa wakati kuku bado yuko kwenye dozi. Wafugaji wengi hawana nia mbaya. Wameshika tu kwamba kuku wa huria ni wa asili, kwa hiyo hahitaji chanjo wala usimamizi. Si kweli, na tumelieleza hili mara nyingi.

Kuku wa huria ana banda la kulala na uwanja wake wa nje, wenye uzio, majani na kivuli. Kanuni za Umoja wa Ulaya, kwa mfano, zinataka angalau mita 1 ya mraba ya uwanja kwa kila kuku wa nyama anayeuzwa kwa jina hilo, naye asichinjwe kabla ya siku 56. Kifaranga hatoki nje mpaka manyoya yamfunike vizuri. Majani na wadudu ni nyongeza. Bila chakula kamili, kuku wa mbegu inayokua haraka atadhoofu. Na tafadhali tuache habari ya kwamba hukuzwa kwa homoni: kuku hawa wanakua haraka kwa sababu ya uteuzi wa mbegu kwa miaka mingi, pamoja na lishe.

Kideri, ugonjwa wa virusi uitwao pia Newcastle, ndicho kinachomaliza makundi mengi, na hakina tiba. Anayekaa nje hukutana na kinyesi cha kuku wengine na ndege wa porini, hivyo anahitaji chanjo sawasawa na wa ndani. Chanjo inayotolewa kwa maji ina utaratibu wake. Chupa ikae kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8 hadi saa ya kuitumia, isigandishwe. Kuku wanyimwe maji kwa muda wa saa moja hadi mbili ili wawe na kiu. Maji ya kuchanganyia yasiwe na klorini, na vyombo visioshwe kwa dawa ya kuua vijidudu. Maji yenye chanjo yawekwe kivulini na yaishe ndani ya saa mbili. Yanayobaki hayatunzwi kwa ajili ya kesho. Anayeruka hatua hizi kisha akasema chanjo ni feki anatuonea.

Kuku wageni wakae peke yao kwa siku 14 kabla ya kuchanganywa na wengine.

Vifo vya ghafla vikitokea, usichinje waliobaki ili uwahi kuuza. Funga banda, zuia watu kuingia, acha viatu vya bandani hapo hapo, na umwite daktari wa mifugo au afisa mifugo kabla ya kuzika mizoga, kwa sababu sampuli huenda ikahitajika. Katika nchi nyingi, kideri na mafua makali ya ndege ni magonjwa ambayo sheria inalazimisha kuyatolea taarifa. Anayeficha anaweza kushtakiwa na kutozwa faini, na pale penye utaratibu wa fidia anaweza kuikosa. Anayetoa taarifa mapema hajiponzi. Analinda kuku wa mtaa mzima.

Kuhusu antibayotiki, ambazo watu humimina majini kwa kila kikohozi: haziui virusi vya kideri, na zikitumiwa ovyo zinazalisha vimelea sugu vinavyomfikia hata binadamu. Kila dawa ina muda wa kusubiri kabla ya kuchinja, nao huhesabiwa kuanzia dozi ya mwisho, si ya kwanza kama wengi wanavyodhani. Andika kwenye daftari jina la dawa, tarehe ya dozi ya mwisho na tarehe ambayo kuku wataruhusiwa kuchinjwa. Kama lebo haitaji muda huo, usiwape kuku mpaka umemuuliza daktari.