"Mwenye chuo" ni nani? Yasemwayo na yalivyo kuhusu vyuo vikuu binafsi Zanzibar

Kwetu Unguja, chuo kwanza ni cha Kurani. Mwalimu ndiye mwenye nyumba, ndiye anayesomesha, na bakora anayo yeye. Picha hiyo tumeipandisha mpaka chuo kikuu, na humo ndimo yanamotoka mengi ya barazani.

"Chuo binafsi kina mwenyewe, ukimpata yeye mambo yamekwisha."

Nilimsindikiza jamaa yangu kwenye chuo kimoja, bahasha ya vyeti vya binti yake kwapani, anataka "kumuona mwenye chuo". Karani akamuuliza: "Unamkusudia nani, baba?" Akakosa la kujibu. Mkuu wa Chuo ni cheo cha heshima. Utamwona siku ya mahafali na joho lake. Kazi za kila siku ni za Makamu Mkuu wa Chuo, naye yuko chini ya Baraza la Chuo. Taaluma na mitihani hupita kwenye Seneti. Mfadhili aliyejenga madarasa hapangi nani afaulu. (Wapo wanaojaribu kunong'ona, hilo sibishi.)

"Binafsi maana yake serikali haiwagusi."

Inawagusa. Elimu ya juu ni jambo la Muungano, na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, inakikagua chuo cha hapa Unguja kama cha Bara.

"Utandawazi umeletwa juzi na IIT, vile vyuo vya teknolojia vya India."

Hapa tunajisahau. Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Zanzibar kilianzishwa Tunguu na jumuiya ya Darul Iman. Mwaka huohuo, Chukwani, Africa Muslims Agency ya Kuwait ilifungua chuo cha ualimu, ambacho leo kinabeba jina la daktari wa Kikuwait, Abdulrahman Al-Sumait. Kwa hiyo anayeongoza chuo binafsi hapa tangu mwanzo ana macho matatu juu yake: mfadhili ng'ambo, mkaguzi wa TCU, na mzazi wa Makunduchi anayelipa ada kwa mafungu.

Na IIT Madras, iliyofungua tawi Bweleo mwaka 2023, wala si chuo binafsi. Ni taasisi ya serikali ya India. Mkurugenzi wake wa kwanza hapo, Profesa Preeti Aghalayam, ndiye mwanamke wa kwanza kuongoza IIT yoyote. Hesabu mpya ya viongozi wa Tunguu na Chukwani ni hiyo: wanagombea vijana walewale na serikali ya nchi nyingine.

Jamaa yangu? Alielekezwa ofisi ya udahili, mlango wa tatu kulia. Bahasha haikufunguliwa, fomu ni ya mtandaoni.