MSM na magoti yanayouma: maswali yenu kuhusu "salfa ya kopo"

Kwa miezi kadhaa sasa, maswali mengi ninayoulizwa kuhusu magoti yamekuwa na herufi tatu ndani yake: MSM. Wengine wanaiita salfa ya kopo. Ni unga mweupe au vidonge, na anayekuuzia mara nyingi ni jirani, mwanakwaya mwenzako au shemeji aliyejiunga na biashara ya mtandao. Nimeyakusanya maswali yanayojirudia.

MSM ni nini hasa? Ndiyo ile salfa ya manjano ya kupaka upele?

Siyo. Ile ya manjano ni salfa tupu, na dukani inachanganywa na mafuta kuwa dawa ya ngozi. MSM, kwa kirefu methilisalfonilimetheni, ni kemikali ambayo salfa imeungana na kaboni, haidrojeni na oksijeni. Takribani theluthi ya uzito wake ndiyo salfa. Kiasi kidogo mno kipo kwenye maziwa, nyanya na kahawa, lakini ya kwenye kopo haikukamuliwa kwenye nyanya. Hutengenezwa kiwandani kutokana na kiyeyushi kiitwacho DMSO, ambacho asili yake ni viwanda vya karatasi vinavyosindika mbao.

Kutoka kiwandani si kosa, maana kemikali ni ileile. Ninachokikataa ni maneno "salfa ogani" yanayoandikwa kwenye lebo ili mtu aone picha ya shamba. Katika kemia, ogani maana yake ni kwamba kitu kina kaboni. Mafuta ya taa nayo ni ogani.

Nani aliigundua kuwa dawa?

Hadithi inaanzia Portland, Marekani, miaka ya 1960, kwa daktari wa upasuaji Stanley Jacob na mkemia Robert Herschler aliyekuwa akifanya kazi kwenye kampuni ya karatasi. Walianza na DMSO, ambayo ukiipaka mkononi hupenya ngozi na baada ya muda mfupi unasikia ladha ya vitunguu saumu mdomoni. Mwaka 1965 serikali ya Marekani ilisimamisha majaribio yake kwa wagonjwa kwa sababu macho ya wanyama wa maabara yalikuwa yameanza kubadilika. Baadaye, mwaka 1978, DMSO iliruhusiwa kwa ugonjwa mmoja wa kibofu. Ikiingia mwilini, sehemu yake hugeuka kuwa MSM, ambayo haina harufu wala ladha hiyo ya saumu, na wawili hao wakahamia huko. Mwigizaji James Coburn, ambaye baridi yabisi ilikuwa imemkunja mikono, alipoanza kuisifia hadharani, biashara ikapaa. Hapo tafiti za maana kwa binadamu zilikuwa bado hazijafanyika.

Daktari alimwambia mama magoti yake yamesagika. Je, tafiti zinaonyesha MSM inasaidia?

Hapa ndipo MSM inapojitetea vizuri kuliko mahali pengine popote, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

India, mwaka 2004, watafiti waliwagawa wagonjwa 118 wa magoti katika makundi manne: la glukosamini (kirutubisho kingine kinachouzwa kwa ajili ya viungo), la MSM gramu 1.5 kwa siku, la vyote viwili pamoja, na la kidonge kitupu, yaani kidonge kinachofanana na dawa lakini hakina dawa ndani. Baada ya wiki 12, waliotumia MSM walikuwa na maumivu pungufu kuliko wa kidonge kitupu, na waliochanganya vyote viwili walifanya vizuri zaidi. Mwaka 2006, huko Marekani, watu 50 waligawanywa kati ya MSM gramu 6 kwa siku na kidonge kitupu. Maumivu yalipungua na kazi za kila siku zikawa nyepesi kidogo, lakini ukakamavu wa goti, ule wa asubuhi unapoinuka kitandani, haukubadilika. Israeli nao mwaka 2011 walitumia gramu 3.4 hivi kwa watu 49. Tofauti ilionekana, ila ilikuwa ndogo kiasi kwamba watafiti wenyewe walisita kusema kama mgonjwa angeihisi katika maisha yake.

Jumlisha sasa. Tafiti zote tatu zina watu 217, na si wote waliomeza MSM. Kila moja ilikoma wiki ya 12, wakati goti lililosagika ni safari ya miaka. Hakuna hata moja iliyoonyesha gegedu, yaani ule utando laini unaofunika ncha za mifupa gotini, likiota upya, kwa hiyo anayekuambia "inarudisha ute na gegedu" anasema jambo ambalo tafiti hizi hazikulionyesha.

Hukumu yangu: kwa maumivu ya goti lililosagika, MSM huenda ikapunguza kidogo. Mazoezi ya kuimarisha misuli ya mapaja yana ushahidi mzito kuliko huo, na kupunguza uzito pia. Watafiti waliopima watu wanene wenye magoti mabovu waligundua kuwa kila kilo moja inayopungua mwilini huliondolea goti mzigo wa kama kilo nne katika kila hatua. Mazoezi hayo hayana wakala, ndiyo maana hakuna anayekupigia simu kuyauza.

Lakini shangazi alipona ndani ya siku nne. Utamwambia anadanganya?

Shangazi hadanganyi. Kuna utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2006, wa watu 1,583 wenye maumivu ya magoti, uliopima glukosamini na kondroitini, ndugu wa karibu wa MSM kwenye rafu za dukani. Kati ya waliomeza kidonge kitupu, asilimia 60 walipata nafuu ya kutosha kuhesabiwa kuwa wamesaidika. Maumivu ya goti hupanda na kushuka yenyewe, na mtu hununua dawa siku yalipopanda. Ndiyo sababu utafiti bila kundi la kidonge kitupu hautuambii mengi.

Ila siku nne zinanipa wasiwasi wa aina nyingine. Kwenye zile tafiti tatu watu walifuatiliwa kwa wiki 12. Kidonge "cha asili" kinachoondoa maumivu upesi kama sindano kinaweza kuwa na dawa iliyofichwa. Mwaka 2022 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilionya kuhusu vidonge vya maumivu ya viungo viitwavyo Artri King: maabara ilikuta diklofenaki, dawa ya maumivu, na deksamethasoni, dawa ya jamii ya steroidi, na lebo haikutaja hata moja. Deksamethasoni hupandisha sukari na presha, na mtu aliyeizoea akiiacha ghafla anaweza kuzidiwa vibaya. Kama shangazi uso umeanza kuvimba na kuwa wa duara, au sukari imepanda bila sababu, apelekwe hospitali pamoja na kopo lenyewe, na asiache vidonge ghafla kabla daktari hajamwona.

Wanasema salfa "inasafisha sumu mwilini". Kweli?

Kauli hii ni ya kibiashara, lakini ndani yake kuna punje ya ukweli, na punje hiyo inatuhusu watu wa Afrika kuliko inavyowahusu wauzaji.

Mihogo michungu ina sianidi. Isipolowekwa siku za kutosha, sumu hiyo huingia mwilini, na mwili huiondoa kwa kuipachika salfa ili itoke na mkojo. Salfa hiyo inatoka kwenye protini tunazokula. Ukame ukija, watu wakala mihogo iliyoharakishwa, siku baada ya siku, bila dagaa, bila maharage, bila yai, sianidi inakuwa nyingi na salfa inakuwa haba. Matokeo yake ni konzo: mtoto au mama analala mzima, anaamka miguu imekakamaa, na haipoi tena. Neno lenyewe linatoka kwa Wayaka wa Kongo, na ugonjwa uliandikwa huko kitabibu mwaka 1938. Tanzania tuliuona Tarime mwaka 1985, na baadaye Mtwara. Msumbiji umelemaza wengi Nampula.

Kinga yake haiko kwenye kopo. Ni kuloweka mihogo siku za kutosha na kula pamoja nayo chakula chenye protini. Ipo pia mbinu ya mtafiti Howard Bradbury wa Australia: unga wa muhogo unachanganywa na maji, unatandazwa kwa tabaka jembamba, unaachwa kwa muda wa saa 2 juani au saa 5 kivulini ili gesi ya sianidi itoke, kisha ugali unasongwa siku hiyohiyo.

Mfano mwingine uko hospitalini. Aliyemeza parasetamoli kupita kiasi ini lake huokolewa na asetilisisteini, dawa yenye salfa, hasa akifika ndani ya saa 8 tangu aimeze. Hiyo ni kemikali tofauti na MSM. Sehemu kubwa ya MSM unayoimeza hutoka na mkojo, na mwili wa binadamu hauwezi kujitengenezea methionini, kijenzi cha protini chenye salfa. Lazima uipate kwenye chakula. Ipo kwenye dagaa, mayai, nyama, ufuta, na kwa kiasi fulani kwenye maharage. Anayekula hivyo kila wiki hana upungufu wa salfa wa kujazwa na kopo.

Na nywele, kisukari, saratani, mafua ya aleji?

Nywele na ngozi: tafiti chache, ndogo. Mafua ya aleji: mwaka 2002 Wamarekani hamsini na kitu walisema walipata nafuu, ila hakukuwa na kundi la kidonge kitupu, na kwa nini hilo ni tatizo nimeshaeleza. Saratani: imejaribiwa kwenye seli ndani ya sahani za maabara, si kwa wagonjwa. Mwenye kisukari asiache dawa zake kwa ajili ya hili.

Nina aleji ya Septrini na Fansidar. Nikitumia MSM nitababuka?

Swali zuri, na majina ndiyo yanayotuchanganya. Septrini na Fansidar zina dawa za jamii ya salfa, na aleji hutokana na umbo la dawa hizo, siyo salfa yenyewe. Ingekuwa salfa yenyewe, usingeweza kula yai. MSM haimo katika jamii hiyo. Hata hivyo, mfamasia aambiwe historia yako.

Madhara yake?

Kwa gramu zilizotumika kwenye tafiti, wengi hawakupata shida kubwa: tumbo kujaa, kuharisha kidogo, kichwa kuuma, wengine usingizi kukata. Kutumia kwa miaka hakujachunguzwa vizuri. Mjamzito na anayenyonyesha waiache. Anayetumia warfarini ya kuzuia damu kuganda asianze bila daktari.

Nimeshanunua makopo mawili. Niyatupe?

La. Hakikisha lebo inataja MSM peke yake, siyo mchanganyiko wa vitu 14. Kabla ya kuanza, andika kwenye daftari: kupanda ngazi maumivu ni mangapi kati ya 10, kuinuka kwenye kiti ni mangapi, usiku ni mangapi. Dawa za hospitali ziendelee. Tumia gramu 1.5 hadi 3 kwa siku, baada ya chakula, na andika tena kila Jumapili. Kopo la pili usilifungue kabla hujalisoma daftari. Namba zikiwa zilezile, mrudishie shemeji.