Kardiolojia ya moyo ya kuzaliwa nayo: maana yake, na juu ya nini mtoto, mtu mzima na mchezaji wanaendaka kwa dokta moja

Hapa Goma mtu akisema "niko na shida ya moyo", karibu kila mtu anawaza tansio, mzee ya miaka 60, chumvi, mawazo mingi. Na kweli tansio iko mingi. Lakini kuko wagonjwa ya moyo wenye hawajamaliza hata mwezi moja duniani, na kuko vijana ya miaka 20 wenye wanapiga mpira kila jioni na moyo yao iko na kilema yenye walizaliwa nayo, hawajui. Hawa njo wanashughulikiwa na kardiolojia ya moyo ya kuzaliwa nayo. Ni tawi ya udaktari ya moyo yenye inafuata mtu kutoka tumbo ya mama mpaka uzee, na swali yake ya kwanza si kama mishipa imezibwa na mafuta, swali yake ni: hii moyo ilijengwa namna gani tangu mwanzo, na inaweza kubeba kazi kiasi gani? Juu ya hiyo swali utakuta ku mlango ya dokta moja mtoto mchanga, mama ya miaka 35 mwenye alipasuliwa akiwa mdogo, na mchezaji ya mpira, wote wanangoja.

Tuanze na moyo yenyewe. Iko na vyumba 4, mbili za juu zinapokea damu, mbili za chini zinasukuma. Upande ya kuume inatuma damu ku mapafu ichukue hewa, upande ya kushoto inatuma ile damu yenye hewa ku mwili yote. Sasa mtoto akiwa tumboni hapumui, hewa inamufikia kutoka kwa mama kupitia kondo, kwa hiyo damu yake haina haja ya kupita mingi ku mapafu, inatumia njia mbili za mkato: tundu kati ya vyumba vya juu, na kamshipa kenye kanaunganisha mshipa ya mapafu na mshipa mkubwa ya mwili. Akizaliwa, akilia, mapafu ikifunguka, zile njia zinaanza kufunga. Kamshipa kwa kawaida kanafunga ndani ya siku 2 ao 3, tundu inachukua wakati, na kwa karibu mtu moja kati ya 4 haifungi kabisa maisha yote na wengi wao haiwasumbue kitu.

Moyo inajengwa mapema sana, kati ya wiki ya 3 na ya 8 ya mimba, wakati wamama wengi hawajajua hata kama wako na mimba. Ninakaza hapo juu ndani ya familia lawama inakimbiaka kwa mama: alikula nini, alibeba mzigo gani, nani alimufanyia kitu. Mara mingi sababu haipatikane. Zenye zinajulikana ni kama rubeola yenye mama alipata mimba ikiwa changa, sukari yenye haijachungwa, pombe, dawa zingine, na mambo ya kurithi, kwa mfano karibu nusu ya watoto wenye trisomia 21 (sindromu ya Down) wanazaliwa na kilema ya moyo. Mama mwenye alibeba maji ao alitembea usiku hajasababisha tundu ku moyo ya mtoto wake.

Vilema vyenyewe ni vya aina mingi. Yenye inaonekana zaidi ni tundu kati ya vyumba viwili vya chini. Kuko kamshipa kenye kamekataa kufunga, valvu (mlango ya damu ndani ya moyo) yenye ni nyembamba, mishipa mikubwa mbili zenye zimebadilishana nafasi, na ile inaitwaka tetralojia ya Fallot, vilema 4 vyenye vinakuja pamoja, jina ikatoka kwa Arthur Fallot, dokta ya Marseille mwenye aliieleza mwaka 1888. Kwa jumla ni karibu mtoto moja kati ya 100 wenye wanazaliwa, popote duniani. Maternite yenye inazalisha watoto 100 kwa mwezi, weka hesabu, karibu kila mwezi anapita moja, hata kama hakuna mwenye amemuona.

Na kutomuona ni rahisi, hapa njo wazazi wengi wanadanganyika. Watu wanawaza mtoto wa moyo lazima akuwe bluu. Hapana. Mwenye tundu kubwa kati ya vyumba vya chini hana rangi ya bluu, damu yake inatoka kushoto inarudi kuume, mapafu inajaa, moyo inafanya kazi ya ziada mchana na usiku kama moto yenye inapanda mlima na abiria watatu bila kupumzika. Tena siku ya kuzaliwa munaweza kuambiwa iko sawa kabisa, juu presha ya mapafu ingali juu na damu haijaanza kupita mingi ku ile tundu, shida inatokea wiki zenye zinafuata, mara mingi kati ya mwezi ya kwanza na ya pili. Utaona mtoto ananyonya kidogo anaacha, jasho ku paji ya uso, anapumua mbiombio, analala bila kushiba, anaamuka analia, kilo hazipande. Kisha zinaanza "pneumonia". Antibiotiki, anapata nafuu kidogo, wiki tatu ingine pneumonia, antibiotiki tena. Mzazi mwenye mtoto wake amelazwa juu ya mapafu mara ya pili ao ya tatu ako na haki ya kuuliza: dokta, mmeangalia moyo?

Wenye wanakuwaka bluu ni kama wa Fallot, damu yenye haina hewa inaingia ku mwili. Kwa ngozi yetu nyeusi usiangalie mkono, angalia ulimi na fizi. Mtoto mwenye ameanza kutembea utamuona anacheza kidogo kisha anachuchumaa, wenzake wanamucheka, kumbe akichuchumaa damu inaenda zaidi ku mapafu, mwili yake imejifunza yenyewe. Akibadilika bluu sana ghafla na kulia bila kutulia, mukunje magoti yake mpaka ku kifua, mumutulize, na mukimbie naye hospitali saa hiyo hiyo.

Kuko kakipimo kamoja kadogo kenye kingesaidia maternite zetu zote: ile aparei ya kubana ku kidole yenye inasoma hewa ndani ya damu. Mtoto akimaliza masaa 24, wanaweka ku mkono ya kuume na ku muguu moja. Ikisoma 95 kwa mia ao zaidi, na tofauti ya mkono na muguu haipite 3, amepita. Ikiwa chini, wanarudilia, na chini ya 90 hakuna kungoja. Haione vilema vyote, ile tundu nimeeleza inaweza kupita bila kuonekana, lakini vile vya kuua haraka inavinasa vingi. Sikio ya dokta pia iko na kazi, anasikia sauti yenye wanaita sufle, ila musiogope ile neno peke yake juu watoto wengi wazima kabisa wako na sufle yenye haina shida yoyote. Jibu ya kweli inatoka ku ekografi ya moyo, ile ile kazi ya mimba lakini ku kifua, haiume, haina mionzi.

Juu ya nini haraka? Tundu ndogo mingi zinajifunga zenyewe na dokta anafuata tu, hakuna kisu. Lakini tundu kubwa ikiachwa miaka, mishipa ya mapafu inakomaa na kuwa migumu, presha inapanda, mpaka siku moja damu inageuka njia, inatoka kuume inaenda kushoto, na mtoto mwenye hakukuwa bluu anaanza kuwa bluu. Inaitwa sindromu ya Eisenmenger, ya jina ya Victor Eisenmenger mwenye aliiandika 1897. Ikifika pale, kufunga tundu kunaweza kuua mgonjwa, dirisha imefungwa. Kwa hiyo ile shauri ya "tungoje akuwe na nguvu kidogo" kwa tundu kubwa ni shauri mbaya, hata kama inatoka kwa mtu mwenye anamupenda mtoto.

Usichanganye na moyo ya rimatisimu. Ile mtoto anaipata baadaye, kisha kuumwa koo yenye haikutibiwa vizuri, na inaharibu valvu. Iko mingi kwetu, inazuilika na penisilini, na kuifuata kunaomba sindano ya kila wiki 3 ao 4 kwa miaka. Ekografi njo inatofautisha.

Sasa watu wazima. Zamani swali yao haikukuwa, juu watoto walikuwa wanakufa. Mwaka 1938 Robert Gross wa Boston akafunga kamshipa ka mtoto kwa mara ya kwanza na mtoto akapona. Mwaka 1944 kule Baltimore, Helen Taussig, Alfred Blalock na Vivien Thomas, fundi mweusi mwenye hakupata nafasi ya kusoma udaktari na njo yeye alitengeneza ile mbinu ku maabara, wakaunganisha mshipa ya mkono na ya mapafu kwa mtoto wa bluu. Mwaka 1953 John Gibbon wa Philadelphia akafunga tundu ya moyo akitumia mashine yenye inashika kazi ya moyo na mapafu. Tangu hapo wale watoto wakakua, wakaoa, wakazaa, na leo ku nchi tajiri watu wazima wenye walizaliwa na kilema ya moyo wanapita watoto kwa wingi. Dokta ya watoto hakusoma mimba na tansio, dokta ya wazee hakusoma Fallot, ikalazimu kuwe mtu ya katikati.

Jambo kubwa yenye huyu dokta anasemaka, na kwetu haifike: kutengenezwa si kupona kabisa. Kijana mwenye alipasuliwa Fallot akiwa mdogo anaweza kukaa miaka 20 bila kusikia kitu, wakati valvu ya mapafu inavuja polepole na chumba ya kuume inapanuka. Mapigo inaweza kuvurugika. Jino yenye imeoza inaweza kutuma vijidudu ku valvu ya bandia. Na mimba, wengine wanabeba bila shida, wengine kama wa Eisenmenger mimba ni hatari ya kifo, msichana anapashwa kujua mbele ya ndoa, si ku mwezi ya 6. Familia zinafanya sherehe mtoto akirudi kutoka ng'ambo, ni haki yao, lakini kontrole zinaisha pale pale.

Mchezaji njo anashangaza watu, juu ako na afya kuliko sisi wote. Mazoezi mingi inabadilisha moyo: vyumba vinapanuka, ukuta inanenepa, mapigo inashuka mpaka 40 kwa dakika akipumzika. Hiyo ni kawaida yake. Shida ni kuko ugonjwa ya kurithi, kama mtu moja kati ya 500, yenye pia inanenepesha ukuta, na inaweza kuvuruga mapigo na kusimamisha moyo ghafla. Ukuta ya mchezaji mara nyingi haipite milimita 12, ya mgonjwa inaanzia 15, na katikati pale ni mahali ya mashaka, njo panaomba jicho yenye imezoea. Hata elektro (kipimo ya umeme ya moyo, yenye inachorwa ku karatasi) ya wachezaji weusi iko na mistari yenye kwa mtu mwingine ingeitwa ugonjwa na kwao ni kawaida, dokta mwenye hajui hiyo anaweza kukatia kijana mpira bure.

Marc-Vivien Foé, mchezaji ya mpira wa Kameruni, alianguka Lyon akicheza tarehe 26 mwezi ya 6, 2003, akakufa ako na miaka 28, na ile ugonjwa ya ukuta njo ilikutwa. Fabrice Muamba, mtoto wa Kinshasa, alianguka London mwaka 2012 akichezea Bolton, moyo yake ilisimama dakika 78, akaishi juu walianza kumukandamiza kifua palepale na kumupiga umeme. Nwankwo Kanu yeye walimuona mapema: 1996, kisha kushinda dhahabu ya Olimpiki, waganga wa Inter, timu yake ya Italia, wakakuta kilema ya valvu, akapasuliwa Marekani, akarudi kucheza miaka mingi, na mwaka 2000 akaanzisha mfuko yenye inalipia watoto wa Afrika operesheni za moyo. Italia tangu 1982 sheria inalazimisha kila mchezaji ya mashindano apimwe na elektro, na ku jimbo ya Veneto vifo vya ghafla vilishuka kwa 89 kwa mia.

Kocha wa hapa, kwenye uwanja ya mawe ya volkano, hana ekografi, lakini anaweza kuuliza. Umeshaka kuzimia ukikimbia, si kisha kukimbia? Kifua inakubana ukiongeza mwendo? Kwenu kuko mtu alikufa ghafla mbele ya miaka 40? Jibu moja ya "ndiyo" inatosha kumusimamisha mpaka apimwe. Na mchezaji akianguka peke yake bila kugongwa, asimwagiwe maji, kama hapumui vizuri munakandamiza katikati ya kifua, kwa nguvu, mara 100 mpaka 120 kwa dakika, bila kuacha.

Njia ya kutoka hapa inaanzia sentre ya afya, inaenda kwa pediatri, kisha ekografi. Kama lazima kupasuliwa, familia zinaangalia King Faisal ya Kigali, Uganda Heart Institute ya Kampala, Jakaya Kikwete ya Dar es Salaam, na kuko mashirika kama Chaîne de l'Espoir na Mécénat Chirurgie Cardiaque za Ufaransa zenye zinapokea watoto. Wote watakuomba dosie. Kwa hiyo ku ekografi uombe picha zenyewe zenye zinatembea, waziweke ku flash, si karatasi ya maneno tu, uandike kilo za mtoto kila mwezi, na kama alishapasuliwa ulinde rapore ya operesheni sawa vile unalinda karatasi ya kuzaliwa, juu dokta wa kesho, hata akuwe mzuri namna gani, hawezi kujua mwenzake alishona nini ndani.