Asilimia 90 si tisa kwa kumi

Tamthilia nyepesi ya wizi, ile ya matapeli wacheshi wanaomliza tajiri dhalimu, ikipata asilimia 90 kwenye Rotten Tomatoes, tovuti inayokusanya maoni ya wahakiki, wengi hudhani wahakiki wameipa tisa kwa kumi. Sivyo. Tovuti hiyo, iliyoanza mwaka 1998, huhesabu ni wahakiki wangapi wameipendekeza kazi. Haipimi wameipenda kiasi gani. Chukua wahakiki 20: 18 wakisema "inafurahisha, itazame" huku kila mmoja akiipa sita tu, itapata 90. Tamthilia nzito ambayo 12 wameiona kazi bora kabisa na 8 wameichukia itaambulia 60.

Tamthilia nyepesi za wizi hunufaika hapo, maana ni vigumu kuzichukia. Nazipenda mno, na huniuma mtazamaji anapozifungua akitarajia maajabu, kisha akalalamika kwamba wahakiki wamemdanganya. Hawakumdanganya, alisoma namba vibaya. Tovuti nyingine, Metacritic, hukokotoa wastani wa alama za wahakiki, kwa hiyo tamthilia ileile inaweza kupata hamsini na kitu huko bila ukinzani wowote.

Alama ya watazamaji nayo, pale Rotten Tomatoes, ni asilimia ya waliotoa nyota 3.5 au zaidi kati ya 5. Isitoshe, mara nyingi wahakiki huandika wakiwa wameona vipindi vichache vya mwanzo tu, wakati mtazamaji anahukumu hadi mwisho, na katika hadithi ya wizi mwisho ndio unaofichua ujanja wote.