Kelele za dimbwi zikikatika, vyura huwa wamekwenda wapi?

Masika yakianza, dimbwi la nyuma ya nyumba hupiga kelele usiku kucha. Siku chache baadaye maji bado yapo, ila kimya. Waimbaji wamekwenda wapi?

Jibu walilonalo wengi ni kwamba wamezama topeni kungoja mvua nyingine, au wamekufa. Wapo hata wanaosema vyura hushuka na mvua kutoka mawinguni, na unaweza kuelewa wanakolitoa: siku ya mvua barabara hujaa vichura vya ukubwa wa ukucha. Hao ni viluwiluwi wa juzi waliokwisha kuota miguu. Miili midogo hukauka upesi, kwa hiyo huvizia siku ya mvua ndipo watoke dimbwini.

Nyuma ya majibu hayo yote kuna dhana moja, kwamba chura ni wa majini kama samaki na nchi kavu huja kutembea tu. Kwa vyura wengi wa Afrika Mashariki mambo ni kinyume. Kwao ni nchi kavu, na dimbwini wana shughuli moja tu, kuzaliana. Kimya kile kilianza maji yakiwa tele, maana yake hakuna aliyefukuzwa na ukame. Dume amekwisha kuita, jike amekwisha kutaga, kila mtu kashika njia yake. Xenopus, yule chura bapa mwenye kucha miguuni, kweli hushinda majini karibu maisha yake yote. Wengi wetu tunawapima wengine wote kwa yeye.

Vyura hao wa nchi kavu huenda mbali kiasi gani? Mwaka 2003 watafiti Raymond Semlitsch na Russell Bodie walikusanya tafiti za aina mbalimbali za amfibia, yaani vyura na jamaa zao, na kukuta kwamba makazi yao makuu ya nchi kavu hufika kati ya mita 159 na 290 kutoka ukingo wa maji. Tafiti hizo ni za Marekani zaidi, kwa hiyo usiende kupimia kamba bwawa la Dodoma. Kinachohama vizuri kutoka nchi hadi nchi ni sababu inayoamua njia, nayo ni ngozi.

Chukua mtungi wa udongo. Ukiujaza maji hutoa jasho, na maji hupungua bila mtu kuchota. Ngozi ya chura wa kawaida iko hivyohivyo. Jua na upepo humpunguza taratibu. Lakini mtungi mkavu ukiukalisha kwenye mchanga uliolowa, kitako chake hunyonya unyevu. Chura naye hanywi kwa mdomo. Chini ya tumbo, kuelekea mapajani, ana ngozi nyembamba yenye mishipa mingi ya damu, na huilaza juu ya udongo mbichi kuvuta maji. Yule unayemkuta alfajiri chini ya bomba linalovuja, kajibandika sakafuni na miguu kaitanua, anakunywa. Akiba nyingine iko kibofuni: mkojo wake ni maji karibu matupu, na akikaukiwa huyarudisha mwilini. Anayekukojolea ukimshika amemwaga mkononi mwako maji aliyojiwekea.

Kwa hiyo safari ni ya usiku, kutoka unyevu hadi unyevu: majani makavu, migomba iliyooza, mashimo ya vichuguu, chini ya tangi la maji.

Halafu kuna Chiromantis xerampelina, chura wa mitini anayevuruga utaratibu wote huu. Jike hupiga povu kwenye tawi lililoinamia dimbwi na kutaga humo. Siku kama tano baadaye viluwiluwi hudondoka majini. Kiangazi kikifika, mzazi hukaa juu ya tawi, juani, miguu kaikunja chini ya mwili, rangi imegeuka karibu nyeupe. Huyu ni mtungi uliopigwa vanishi: ngozi yake hupoteza maji kidogo mno, karibu sawa na mjusi, na taka za mwili huzitoa kama asidi ya yuriki, kile cheupe cha kinyesi cha ndege, ili asipoteze maji kwenye mkojo.

Pyxicephalus adspersus, chura mkubwa ambaye dume wake hupita sentimita 20, hushika njia ya chini. Hujichimbia kwa miguu ya nyuma, kinyumenyume, kisha hujivua ngozi tabaka baada ya tabaka bila kuitupa, mpaka inakuwa kifukofuko kilichomziba kila mahali isipokuwa matundu ya pua. Humo hukaa miezi. Mvua ikilowesha udongo hukipasua, hukila, ndipo atoke. Si kila chura utakayemfukua kwa jembe atakuwa na kifukofuko; wengi hujifukia tu kwenye udongo wenye unyevu, na ukame ukizidi huchimba zaidi.