Byron Rumford, mfamasia wa Berkeley aliyeleta sheria ya nyumba California

Mama mmoja wa Kongo alikaa mbele ya meza yangu juzi, amepiga simu kuulizia nyumba ya kupanga akaambiwa ipo, njoo uone, alipofika mlangoni tu akaambiwa imeshachukuliwa, jioni mfanyakazi mwenzake Mzungu akapiga namba ileile akaambiwa bado ipo, karibu sana. Akaniuliza, "Kaka, hapa sheria iko ya kweli ao ni maneno tu?" Nikamwambia ipo mama, tena ipo tangu 1963, na kuna mtu alihangaika nayo mpaka ikapita.

Mimi kazi yangu ndio hiyo, nasaidia wapangaji hapa eneo la Oakland wanaonyimwa nyumba kwa sababu ya rangi au asili yao, na sheria ninayoshika kila siku imetokana na ya huyu bwana, William Byron Rumford. Waswahili wengi tuliohamia huku tunawajua Martin Luther King na marais, basi. Wabunge wa majimbo hatuwajui kabisa, na wao ndio wametunga sheria nyingi zinazokukuta mlangoni kwako.

Kwanza niweke sawa jambo moja maana linachanganya. Nikisema mbunge wa jimbo, Mtanzania anafikiria jimbo la uchaguzi, Mkenya anafikiria MCA wa kaunti. Hapa ni tofauti, kila jimbo la Marekani lina bunge lake kamili, lina katiba yake, lina mahakama yake ya juu, na California ina baraza la chini la watu 80 na seneti ya watu 40, wanakaa mji wa Sacramento, makao makuu ya jimbo. Kwa hiyo muswada unatakiwa upite kamati za baraza moja, upigiwe kura, uende baraza la pili uanze tena kamatini, ndio ufike kwa gavana. Muswada mwingi haufi kwenye kura, unafia kwenye kamati, mwenyekiti anaukalia tu kimya mpaka kikao kinaisha.

Rumford alizaliwa Arizona 1908, akaja California kusoma ufamasia, akafanya kazi hospitali ya Highland hapa Oakland, halafu akawa na duka lake la dawa mtaa wa Sacramento kule Berkeley kusini. Wakati wa vita kuu ya pili viwanda vya meli vya Richmond na Oakland vilivuta maelfu ya watu Weusi kutoka Louisiana na Texas na kwingineko, kazi zikapatikana lakini nyumba ikawa shughuli, mitaa mingi walikuwa hawaruhusiwi kabisa. Hati za nyumba zenyewe ziliandikwa wazi kwamba isiuzwe kwa Mweusi wala kwa Mwasia. Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema 1948 kwamba mahakama haziwezi kusimamia maandishi ya namna hiyo, na mwaka huohuo Rumford akachaguliwa, Mweusi wa kwanza kutoka kaskazini mwa California kuingia kwenye bunge la jimbo. Kusini, Los Angeles, alikuwepo tayari Augustus Hawkins tangu miaka ya 30.

Mtu mwenye duka la dawa anajua nani anaumwa, nani kafukuzwa kazi, nani analala na watoto sita chumba kimoja. Mimi naamini pale dukani ndipo alipojifunza siasa, maana miswada yake yote inafanana na shida za watu wanaopanga foleni kaunta. 1949 alipitisha sheria ya kuondoa ubaguzi kwenye kikosi cha ulinzi cha jimbo. Ya ajira ilichukua muda mrefu sana jamani, Hawkins alikuwa ameanza kuleta miswada ya ajira ya haki, yaani mwajiri asibague, tangu miaka ya 40, wananchi wenyewe wakaikataa kwenye kura ya 1946, na ikawa inaletwa, inakufa, inaletwa tena inakufa, mpaka 1959 gavana mpya Pat Brown alipoingia na chama chake kikashika mabaraza yote mawili, ndio muswada wa Rumford ukapita, ikaundwa tume ya ajira ya haki.

Hapo kwenye tume nataka tukae kidogo. Watu wanadhani sheria ni maandishi. Sheria bila ofisi ya kupokea malalamiko, bila mpelelezi wa kwenda kuuliza maswali, bila mtu mwenye mamlaka ya kuamuru, ni karatasi tu, na mimi nimeziona nyingi za hivyo kwetu na huku. Tume ya 1959 ilikuwa ya ajira, nyumba hazikuwemo, lakini ilikuwa na watu, ina meza, ina uzoefu wa kusikiliza kesi. Kwa hiyo 1963 Rumford alipoleta muswada wa kuzuia ubaguzi wa nyumba hakuhitaji kujenga kitu kipya, aliipa tu tume iliyokuwepo kazi ya pili.

Na huo mwaka 1963 haukuwa rahisi. Aprili wapiga kura wa Berkeley, mji wake mwenyewe, walikataa sheria ya mji ya kuzuia ubaguzi wa nyumba kwa tofauti ndogo ya kura. Muswada wake Sacramento ulipita baraza la chini, ukafika seneti ukakwama kwenye kamati iliyoongozwa na Luther Gibson, seneta wa Vallejo, wiki zikapita. Vijana wa CORE, shirika la kupigania haki za Weusi, wakaingia kwenye jengo la bunge, wakalala palepale chini kwenye ukumbi wa kuba, usiku na mchana, wanaimba, wanasubiri. Siku ya mwisho ya kikao ilikuwa tarehe 21 Juni, ikifika saa sita usiku kila kitu ambacho hakijapita kimekufa, na muswada ukatoka kamatini umepunguzwapunguzwa, ukapigiwa kura seneti, ukarudishwa baraza la chini kukubali mabadiliko, yote hayo dakika za mwisho kabisa.

Walichokata ni kikubwa, nisikufiche. Nyumba nyingi za familia moja zilizokuwa hazina mkopo wa serikali zikatolewa, kwenye majengo ya kupangisha ya binafsi sheria ikashika yale yenye nyumba tano au zaidi tu, na fidia ikawa haizidi dola 500. Kuna watu mpaka leo wanamlaumu kwamba alikubali nusu mkate. Mimi sikubaliani nao hata kidogo, kwa sababu alikuwa ameshaona toka 1949 mpaka 1959 maana ya kusubiri mkate mzima, ni miaka kumi watu wanafukuzwa kazini bila pa kwenda, na pia sheria ikishakuwepo inaongezwa, isiyokuwepo huwezi kuiongeza.

Halafu ikaja vita yenyewe. Chama cha madalali wa nyumba cha California kikakusanya saini, kikapeleka suala kwa wananchi moja kwa moja, Pendekezo namba 14, kwamba katiba ya jimbo iseme mwenye mali ana haki ya kumkataa yeyote anayetaka na serikali isimzuie. Angalia ujanja wake, neno rangi halimo popote, limeandikwa kama uhuru tu. Novemba 1964 likapita kwa karibu asilimia 65, siku ileile ambayo wapiga kura haohao wa California walimpa ushindi Lyndon Johnson aliyesaini Sheria ya Haki za Raia miezi minne tu nyuma. Yaani mtu anaunga mkono Mweusi akae kwenye mgahawa Mississippi lakini hamtaki awe jirani yake Sacramento. Agosti iliyofuata Watts, mtaa wa Weusi kule Los Angeles, ikawaka ghasia, watu 34 wakafa.

Mahakama ya juu ya jimbo ikalitupa pendekezo hilo 1966, na Mei 1967 Mahakama ya Juu ya Marekani ikakubaliana nayo kwa kura 5 kwa 4, kesi ya mke na mume Mulkey wa Santa Ana walionyimwa nyumba ya kupanga. Kura moja tu. Sheria ya Rumford ikasimama tena. Congress, bunge la taifa, yenyewe ilipitisha sheria ya nyumba ya nchi nzima Aprili 1968, siku chache baada ya King kuuawa, California ikiwa imeshatangulia miaka mitano.

Yeye mwenyewe alilipa. 1966 aligombea useneti wa jimbo, mwaka ambao Ronald Reagan alikuwa anazunguka akiipinga sheria yake huku anagombea ugavana, Rumford akashindwa kwa kura chache na hakurudi tena bungeni. Alifariki 1986. Sanamu yake ipo mtaa wa Sacramento pale Berkeley, karibu na lilipokuwa duka, nikipita huwa nasimama.

1980 sheria yake na ile ya ajira ziliunganishwa kuwa sheria moja, na ile idadi ya nyumba tano haipo tena, leo karibu kila anayepangisha anabanwa, ameachwa yule anayeishi ndani ya nyumba yake na kukodisha chumba kwa mtu mmoja. Asili ya taifa ilikuwemo toka 1963, ndio maana kesi ya yule mama inasimama bila shida.

Kwa hiyo ndugu yangu ikikukuta, andika siku hiyohiyo: tarehe, saa, namba uliyopiga, maneno uliyoambiwa, tangazo lipige picha kabla halijaondolewa. Mwombe rafiki apige simu aulizie nyumba ileile naye aandike alichojibiwa. Malalamiko ya nyumba yanapelekwa idara ya haki za raia ya jimbo ndani ya mwaka mmoja tangu ulipokataliwa, hulipi kitu, na usisubiri mpaka huo mwaka ukaribie kuisha maana mashahidi wanahama na watu wanasahau. Yule mama alikuja siku ya nne, na rafiki yake alikuwa ameandika kila kitu kwenye simu.